UNAUZA PS3, PS4 AU PS5? UZA NAFASI ILIYOBAKI, USIUZE NAMBA YA BOKSI

Somo la leo ni la wanaouza mashine za gemu mtandaoni. Hata kama wewe unauza simu au laptop usipite, mwishoni kuna chako.

Wengi wetu tukiposti PS4 tunaandika hivi: "PS4 Slim, GB 500, pedi 2, CD 3, bei maelewano." Mteja anaona 500, anaona ni nyingi, anatuma hela. Baada ya wiki mbili anapiga simu: "Kaka, mashine yako imejaa, gemu ya nne inagoma kuingia." Hapo ndo ugomvi unapoanzia. Yeye anaamini ameuziwa mbovu, wewe unajua mashine ni nzima. Na mzigo uko Kaliua, wewe uko Isevya.

Kitu kimoja nataka ukishike leo: mteja hanunui GB 500. Ananunua gemu anazotaka kucheza. Kazi yako ni kumwambia zitaingia au hazitaingia, na umwambie kabla hajatuma hela.

Twende hatua kwa hatua.

1. ELEWA KWA NINI CD PEKE YAKE HAITOSHI

PS2 ilitoka mwaka 2000. Ulikuwa unaweka CD, unacheza. Ulichohitaji kuhifadhi ni pale ulipofikia tu, na kwa hiyo ilitosha memori kadi ya MB 8. Wateja wetu wengi wamekulia kwenye PS2 kwenye mabanda ya gemu, kwa hiyo kichwani mwao CD ndo gemu yenyewe. Ukiwa na CD kumi una gemu kumi, basi.

PS3 ilipokuja mwaka 2006, mambo yakaanza kubadilika. Baadhi ya gemu zilikulazimisha kwanza uzisakinishe ndani ya mashine. Devil May Cry 4 ya 2008 ilikuwa inakuweka kama dakika 20 ukiangalia tu mstari unajaa. GTA V ya 2013 kwenye PS3 inataka GB 8 ndani ya mashine ndo icheze.

PS4 na Xbox One zilitoka mwishoni mwa 2013, na hapo hakuna tena "baadhi". Kila gemu lazima isakinishwe, hata kama una CD yake halisi mkononi.

Sababu ni kasi. Kisomeo cha CD cha PS4 kwa juu kabisa kinasoma kama MB 27 kwa sekunde, na gemu za sasa zinavuta picha na sauti nyingi kwa wakati mmoja. Diski ya ndani inasoma haraka zaidi. Kwa hiyo mashine inahamisha gemu kutoka kwenye CD kwenda kwenye diski, halafu inachezea kwenye diski. CD inabaki kama ufunguo wa mlango: bila kuiweka gemu haifunguki, lakini nyumba yenyewe iko ndani.

Piga hesabu: CD ya PS4 ikijaa ni kama GB 50. Kwa MB 27 kwa sekunde hiyo ni zaidi ya nusu saa ya kuhamisha tu. Mteja asipojua hili anadhani mashine imeganda, anaizima katikati, halafu anakupigia simu.

2. NAMBA YA BOKSI NA NAFASI HALISI NI VITU VIWILI

Mfumo wa mashine nao unakaa kwenye diski hiyo hiyo. Zishike hizi namba, zitakusaidia:

- PS4 ya GB 500: mteja anabaki na kama 407.
- Xbox One ya GB 500: kama 365.
- PS5 ya kwanza, ya 2020, yenye GB 825: kama 667.
- Xbox Series S ya GB 512: kama 364.

Sasa weka gemu ndani ya PS4 ya GB 500. Mpira wa EA, hizi FC za miaka hii, tuseme 50. GTA V pamoja na apdeti zake inakaribia 100. Red Dead Redemption 2, ile inayokuja na CD mbili, inavuka 100, tuseme 110. Jumla 260. Toa kwenye 407, umebaki na 147. Mteja akileta Call of Duty: Modern Warfare ya 2019, ambayo baada ya apdeti ilifika karibu GB 200, haiingii. Gemu tatu tu na mashine imeshakataa ya nne!

Na hili hata wenye gemu wanalijua. Mwanzoni mwa 2021 Activision, wenye Call of Duty, waliwatahadharisha watu wa PS4 ya GB 500 kwamba ukiwa na Modern Warfare na Cold War zikiwa kamili, huenda ukahitaji kufuta vitu kupata nafasi.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui: PS4 ikitaka kuweka apdeti kubwa inahitaji nafasi ya kufanyia kazi, na mara nyingi nafasi hiyo ni kubwa kuliko apdeti yenyewe. Ndo maana unakuta apdeti ni GB 5, nafasi iliyobaki ni GB 20, na bado mashine inalalamika. Mshauri mteja aache wazi nafasi inayolingana na gemu yake kubwa kuliko zote. Asijaze mpaka mdomoni.

3. MASHINE ZA KUWA NAZO MAKINI

PS3 ya GB 12. Hii ni ile nyembamba iliyotoka 2012. Ni bei rahisi, inavutia, na wengi wanaichukua kwenye mizigo ya mtumba bila kuangalia. Ukiweka GTA V peke yake, GB 8 zimeondoka. Usiiuze bila kusema wazi kwamba inahitaji diski ya kuongezea ndani.

Xbox 360 ya GB 4. GTA V yake ina CD mbili, ya kwanza ni ya kusakinisha tu. Kwenye mashine hii haikai bila diski ya ziada au flashi ya kuanzia GB 16.

Xbox Series S na PS5 Digital. Hizi hazina kabisa sehemu ya kuweka CD. Kila gemu inatoka mtandaoni. Ukimuuzia mtu wa kijijini ambaye intaneti yake ni bando la simu, umempa pambo la sebuleni. Andika kwa herufi kubwa kwenye tangazo: HAIWEKI CD.

Mashine iliyochipiwa. Mwambie ukweli kwamba ikiingia mtandaoni inaweza kufungiwa, na gemu za kunakili zina kesi yake: tuna Sheria ya Hakimiliki ya 1999, na COSOTA wapo. Mimi siuzi, lakini kila mtu na uamuzi wake.

4. MASWALI MATATU KABLA YA KUTAJA BEI

Mteja akiandika "bei gani?", mjibu bei, halafu muulize haya:

La kwanza: unacheza gemu zipi? Akisema mpira tu, PS4 ya GB 500 inamtosha kabisa, usimlazimishe kununua kubwa. Akitaja GTA, Call of Duty na Red Dead kwa pamoja, mwelekeze kwenye TB 1 au diski ya nje.

La pili: intaneti yako ni ya nini? Fanya naye hesabu. Gemu ya GB 40 kwenye intaneti ya megabiti 5 kwa sekunde ni kama saa 18 bila kusimama, ukiweka na umeme kukatika hapo ni siku mbili. Kwa bando la simu, hela ya kupakua inaweza kukaribia hela ya CD. Mtu wa namna hii anahitaji CD, na anahitaji gemu ziwe zimeshasakinishwa na kuwekewa apdeti dukani kwako.

La tatu: ni ya nyumbani au ya biashara? Hili ndo zito kuliko yote. Mtu wa nyumbani gemu ikigoma anakasirika. Mtu wa banda gemu ikigoma hajala.

Alikuja kijana mmoja dukani kutoka Urambo. Ana banda la gemu, watoto wanalipia kwa mechi. Alinunua PS4 kwa mtu wa mtandaoni, na hela yenyewe ni mkopo wa kikoba wa kurejesha kila wiki. Mashine ilifika Ijumaa, Jumamosi ambayo ndo siku ya hela mpira ukagoma kusakinishwa. Nafasi iliyobaki ilikuwa GB 30 na kidogo. Tulipofungua tukakuta muuzaji ameacha gemu za akaunti yake mwenyewe zaidi ya GB 300, na alishabadilisha neno la siri, kwa hiyo zote zimefungwa, zinakula nafasi bure. Kuzifuta kulichukua dakika kumi. Lakini yeye alikuwa amepoteza Jumamosi na Jumapili, amepanda gari kuja Tabora, na rejesho la wiki alikopa kwa shemeji yake. Mashine haikuwa na ubovu wowote. Kilichokosekana ni mtu wa kuifungua na kuiangalia kabla ya kuifunga kwenye boksi.

Kwa hiyo tukisema "nafasi", tusione ni mambo ya kitaalamu ya mbali. Kwa wengine hiyo ni hela ya unga.

5. ANDAA MASHINE KABLA YA KUPOSTI

Hivi ndo ninavyofanya kwa kila PS4 inayoingia dukani:

a) Futa kila kitu cha mwenye zamani: akaunti, gemu, picha na video za skrini. Zile video zinakula nafasi kimya kimya.

b) Usiuze "gemu za akaunti" kama zawadi. Gemu iliyonunuliwa mtandaoni ni ya akaunti, sio ya mashine. Siku mwenye akaunti akibadilisha mambo yake, mteja wako anabaki na picha tu.

c) Sakinisha gemu za CD unazomuuzia, na uweke apdeti ukiwa na intaneti yako. Mimi naziacha usiku. Asubuhi iko tayari.

d) Ingia Settings, halafu Storage. Piga picha ile skrini inayoonyesha nafasi iliyobaki. Picha hiyo iweke kwenye tangazo. Ni ushahidi wako na ni mvuto kwa mteja, maana wauzaji wengi hawaionyeshi.

e) Geuza CD ya gemu uangalie nyuma ya kava. Kava nyingi za PS4 zimeandikwa kiwango cha chini cha GB zinazohitajika. Hicho ni kiwango cha chini, apdeti zinaongeza juu yake.

f) Mwambie mteja: ukifuta gemu, pale ulipofikia hapafutiki, panakaa sehemu yake. Anaweza kufuta GTA leo akacheza mpira, mwezi ujao akairudisha kwa CD. Lakini akirudisha mashine kama ilivyotoka kiwandani, kila kitu kinaondoka. Wengi wakiona tatizo dogo wanakimbilia huko.

6. DISKI YA ZIADA: HAPA KUNA HELA YAKO

PS4 inakubali diski ya nje tangu toleo la mfumo 4.50, lililotoka Machi 2017. Masharti yake: iwe USB 3.0, isipungue GB 250, isizidi TB 8. Flashi ya GB 32 haifai kwa kazi hii. Mashine ikiiandaa diski, itafuta kila kilichomo, kwa hiyo mteja asilete ile yenye picha za harusi. Na asiichomoe mashine ikiwa imewaka.

Njia ya pili ni kubadilisha diski ya ndani. PS4 inatumia diski ya inchi 2.5, ya ukubwa wa zile za laptop, unene usizidi milimita 9.5. Sio kazi ngumu, ila mfumo unawekwa upya kwa faili la PlayStation lenyewe kupitia flashi, na maendeleo ya gemu yahamishwe kwanza. Kama huna uzoefu mpe fundi, wewe baki na faida ya kuuza.

PS5 ni tofauti, usichanganye. Diski ya nje ya USB inaweza kuchezesha gemu za PS4, lakini gemu za PS5 zenyewe hazichezi humo. Unaweza kuzitunza tu, halafu unazirudisha ndani ukitaka kucheza. Kuongeza nafasi ya kuchezea unahitaji SSD ya M.2 yenye kipoza joto, na PS5 ilianza kuikubali Septemba 2021. Ukimuuzia mtu wa PS5 diski ya nje bila kumwambia hili, jiandae kuirudisha.

Na ninyi mnaoagiza mzigo, jihadharini na diski za "TB 2" za bei ya chapati. Ndani unakuta GB 64 zimeandikwa uongo. Kabla ya kuuza jaribu kwenye kompyuta kwa programu kama H2testw. Inaijaza diski yote halafu inaisoma tena. Feki inajulikana hapo hapo.

7. HESABU YA FAIDA NA HASARA

Tuseme faida yako kwenye PS4 moja ni 50,000. Mteja wa Mpanda akirudisha: nauli ya mzigo kwenda tuseme 10,000, kurudi 10,000, makato ya kutuma na kurudisha hela 5,000. Umebaki na mashine ile ile, umepoteza 25,000 na wiki mbili za mtaji kulala. Hapo sijahesabu maneno atakayoandika kwenye magrupu ya WhatsApp.

Sasa upande wa pili. Ukimuuliza yale maswali matatu, anagundua anahitaji diski ya nje. Umeuza vitu viwili. Ukiweka na ada ndogo ya maandalizi, analipa bila kinyongo kwa sababu anajua akiwasha tu anacheza. Ukweli hapa hauli faida yako, unaongeza.

Halafu kuna sheria. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu bidhaa, na wanaoisimamia ni FCC. Kuuza mtandaoni hakukuondoi humo.

8. TANGAZO LA KUNAKILI

Chukua hili, badilisha namba uweke zako:

"PS4 Slim, imetumika, GB 500. Nafasi iliyobaki sasa ni GB 310 (angalia picha). Gemu zilizomo tayari na apdeti zake: FC na nyingine moja, CD zake zote unapewa. Inaweka CD. Diski ya nje inakubali. Haina akaunti ya mtu. Pedi 2. Kama unataka GTA na Call of Duty kwa pamoja, niambie kwanza nikushauri diski. Niko Tabora, mikoani natuma."

Mistari michache tu, lakini umejibu nusu ya maswali ya inbox. Kwenye risiti andika vitu vitatu: ukubwa wa diski, nafasi iliyobaki siku ya kuuza, na gemu zilizomo. Mteja akija na malalamiko, mnasoma karatasi, hamgombani.

9. KWA WAUZA SIMU NA LAPTOP

Ni mchezo ule ule. Simu ya GB 64 mfumo wake umeshakula sehemu, halafu WhatsApp na picha zinamalizia. Fungua sehemu ya hifadhi, piga picha, posti. Muulize mteja anatumia simu kufanyia nini. Mama anayepiga simu na kupokea M-Pesa na kijana anayerekodi video hawawezi kuuziwa simu moja kwa maneno yale yale.

Sisi wa Tabora tumekaa kwenye njia ya mizigo tangu enzi za misafara ya Bagamoyo. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama kilo 30, na kipimo kilijulikana kabla ya safari. Gemu nazo ni mzigo, na diski ni bega. Pima kwanza.

KAZI YA LEO: chukua mashine moja uliyonayo dukani au nyumbani, ifungue, andika namba tatu: ya boksi, iliyobaki, na ya gemu kubwa kuliko zote iliyomo. Halafu rudi kwenye tangazo lako la mwisho uone kama mteja angezijua hizo namba kwa kulisoma. Kama asingezijua, lirekebishe leo kabla hajatokea wa kutuma hela.

Na kama una mashine ambayo sijaitaja, andika aina yake na GB zake tusaidiane. Biashara njema.